Sauti za Busara Ngome Kongwe: kiingilio kinachostahili kulipwa

Mtu anayelipa kiingilio cha tamasha la muziki la uwanja wa wazi ana haki ya kujua mambo mawili kabla ya kutoa fedha yake: atasikiliza nini, na atasikiliza pamoja na akina nani. Maonyesho mengi ya miji yetu mikubwa hulijibu la kwanza kwa bango lenye picha za wasanii wanaovuma, na la pili huliacha liamuliwe na mfuko wa kila mtu. Sauti za Busara, tamasha linalofanyika kila mwaka Mji Mkongwe wa Unguja, ni miongoni mwa machache yanayoyajibu yote mawili waziwazi, na huyajibu kupitia bei ya tiketi. Nimelihudhuria katika miaka tofauti, wakati mwingine kwa tiketi ya usiku mmoja na wakati mwingine kwa tiketi ya siku zote, nikivuka kutoka Dar es Salaam kama wafanyavyo wapenzi wengi wa muziki walioko bara. Tathmini hii inahusu kile ambacho kiingilio hicho hununua, namna bei yenyewe ilivyopangwa, na gharama nyingine ambazo msafiri hana budi kuzihesabu kabla hajapanda boti.

Tamasha huandaliwa na Busara Promotions, taasisi isiyo ya kibiashara iliyoanzishwa Zanzibar mwaka 2003, na lilifanyika kwa mara ya kwanza Februari 2004. Tangu hapo Februari ndio umekuwa mwezi wake wa kawaida, na kwa onyesho la nje mwezi huo unafaa sana: kaskazi inavuma, masika hayajaingia, na watu wanaweza kukaa chini ya anga hadi saa sita au saa saba za usiku bila hofu ya mvua kuiharibu mitambo. Mchana huwa na joto kali, lakini jua likishatua upepo wa baharini hufika mpaka ndani ya kuta, na hapo ndipo muziki unapoanza kunoga.

Mahali penyewe ni nusu ya thamani ya tiketi. Ngome Kongwe ilijengwa na Waarabu wa Oman baada ya Wareno kuondolewa katika pwani hii mwishoni mwa karne ya 17, na katika maisha yake marefu imewahi kutumika kama gereza na baadaye kama karakana ya reli ndogo iliyokuwa ikielekea Bububu. Leo imo ndani ya Mji Mkongwe ambao UNESCO iliutangaza kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2000. Ukiingia langoni unakuta uwanja mpana uliozungukwa na kuta nene za mawe ya matumbawe, kuta ambazo huizuia sauti isipotelee hewani kama inavyopotea katika viwanja vyetu vya mpira, na upande mwingine kuna ukumbi wa wazi wenye ngazi za mawe zilizopangwa nusu duara. Kwa kuwa majukwaa ni zaidi ya moja, mafundi huandaa kundi linalofuata upande mmoja huku kundi jingine likitumbuiza upande wa pili, na msikilizaji anahama kwa miguu tu. Faida ya mpangilio huo ataielewa vizuri mtu aliyewahi kusimama kiwanjani kwa saa nzima akisikiliza mshereheshaji akijaza muda huku nyaya zikivutwa jukwaani.

Hata hivyo, ngome haikujengwa kwa ajili ya viti. Hadhira kubwa husimama au hukaa chini, na anayetaka kukaa kwa raha hulazimika kuwahi ngazi za ukumbi wa wazi kabla hazijajaa. Wenye wazee, wajawazito au watoto walizingatie hilo mapema, maana kiingilio hakimhakikishii mtu kiti, na kwa maoni yangu ni sawa kiwe hivyo, kwa sababu mara viti vinapoingizwa katika hesabu, safu za mbele huanza kuuzwa kwa bei yake na uwanja hugawanyika.

Jambo la pili linalonunuliwa na kiingilio hiki ndilo la msingi zaidi: muziki wote ni laivu. Masharti ya tamasha yanamtaka kila msanii apige na kuimba papo hapo, bila kuimba juu ya wimbo uliokwisha kurekodiwa, awe ni kijana wa bongo fleva mwenye jina au ni kikundi cha ngoma kutoka shamba. Msomaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi hahitaji kuelezwa sana uzito wa sharti hilo. Niliwahi kulipia tiketi ya V.I.P. katika onyesho moja la uwanjani jijini Dar es Salaam ambalo bango lake lilitangaza kuanza saa mbili usiku. Msanii mkuu alipanda jukwaani karibu na saa nane, akafuatwa na kundi la watu wasio na kazi jukwaani, akashika kipaza sauti na kuitikia maneno ya mwisho ya mistari ya sauti yake mwenyewe iliyokuwa ikitoka kwenye spika, kisha baada ya nyimbo chache akaondoka. Waliolipa kawaida walikuwa nyuma ya uzio, mbali kiasi kwamba walimwona msanii wao kupitia simu za walio mbele. Fedha niliyotoa usiku ule ilikuwa nyingi kuliko niliyowahi kutoa kwa siku nzima ya muziki Ngome Kongwe, na sikupata nilichotangaziwa.

Muziki wa laivu unagharimu. Bendi ya watu kumi inahitaji tiketi kumi za usafiri, vyumba, chakula, mitambo ya kutosha ya jukwaani na fundi mitambo anayejua kutofautisha gambusi na gitaa, ilhali msanii mmoja mwenye nyimbo zake kwenye kompyuta anahitaji kipaza sauti kimoja. Hivyo mtu anapolinganisha bei ya tamasha hili na bei ya onyesho la aina ile nyingine, asilinganishe tarakimu peke yake. Aangalie pia ni watu wangapi wamelipwa kupanda jukwaani na kufanya kazi yao mbele ya macho yake. Ratiba ya siku moja ya Sauti za Busara huweza kuanza na ngoma ya asili jioni, ikapitia vijana wa singeli, ikafika kwenye bendi ya Afrika Magharibi, na ikafungwa na reggae. Mwaka 2012 alikuja Nneka wa Nigeria, mwaka 2023 walikuja Tiken Jah Fakoly wa Cote d'Ivoire na kundi la BCUC la Soweto, na kati ya majina hayo makubwa kuna vikundi vingi ambavyo msikilizaji wa kawaida hajapata kuvisikia na ambavyo, kwa uzoefu wangu, ndivyo humfanya mtu akae hadi mwisho.

Sasa niingie katika bei yenyewe. Tamasha halina bei moja kwa watu wote. Raia wa Tanzania hulipa kiwango cha chini kabisa, tena kwa shilingi. Waafrika wengine hulipa kiwango cha kati. Na wageni kutoka kwingineko hulipa kiwango cha juu kwa dola, kikiwa ni mara kadhaa ya kile cha mwenyeji. Viwango hupangwa upya kila mwaka, na wanaonunua mapema huwa na nafuu, kwa hiyo bei ya mwaka mmoja isichukuliwe kuwa ndiyo ya mwaka unaofuata. Utaratibu huu si mgeni nchini: mbuga zetu za wanyama zina kiwango cha raia na kiwango cha mgeni kwa miaka mingi. Kilicho kigeni ni kuuona katika muziki, mahali ambapo tumezoea tofauti ya bei iwe ya kumsogeza tajiri mbele na kumsukuma maskini nyuma.

Nimewahi kuwasikia wageni wakilalamika kwamba wanatozwa zaidi kwa onyesho lilelile, na nimewasikia pia Watanzania wenzangu wakisema kuwa utaratibu huo unatuonyesha kama watu wa kuhurumiwa. Sikubaliani na upande wowote. Mwaka 2022, Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilipopandisha kima cha chini cha mshahara wa watumishi wake, ilikifikisha shilingi 347,000 kwa mwezi. Mtu anayeishi kwa kipato cha aina hiyo katika mitaa ya Ng'ambo au Jang'ombe, nje kidogo ya Mji Mkongwe, akitozwa kiwango cha mtalii, hataingia hata mwaka mmoja, na tamasha litabaki kuwa burudani ya wageni ndani ya mji wa watu wengine. Mgeni analipa zaidi, lakini akiingia anasimama bega kwa bega na mwenyeji mbele ya jukwaa moja, bila uzio wa kuwatenga. Bei imetofautiana langoni ili ndani pasiwe na tofauti. Huo ni uamuzi wa haki, na ninautetea kwa moyo wote.

Ulinganisho na mambo yanayoendelea kwingine unaonyesha vizuri zaidi ninachokisema. Agosti 2024, tiketi za maonyesho ya bendi ya Oasis nchini Uingereza zilipoanza kuuzwa, yakiwemo yale ya bustani ya Heaton Park mjini Manchester, wapenzi waliokuwa wamesubiri kwa saa nyingi kwenye foleni ya mtandaoni walikuta tiketi ya kusimama iliyotajwa kuwa takribani pauni 150 imepanda hadi zaidi ya pauni 350 kwa sababu tu wanunuzi walikuwa wengi. Kwa fedha yetu ya wakati ule hiyo ilizidi shilingi milioni moja, yaani zaidi ya mishahara mitatu ya mtumishi wa kima cha chini niliyemtaja, na hasira ya wanunuzi ilikuwa kubwa kiasi kwamba mamlaka ya ushindani ya nchi hiyo ilianza uchunguzi. Katika utaratibu ule bei hupanda kwa kadiri mtu anavyoonyesha kuupenda muziki. Katika utaratibu wa Ngome Kongwe bei hutangazwa mapema, hujulikana ni ya nani, na hupanda kwa kadiri ya uwezo unaokisiwa wa mnunuzi. Mimi niko upande wa huu wa pili, hata katika mwaka ambao kiwango cha raia kimepanda.

Matokeo ya bei hiyo huonekana wazi zaidi wakati wa taarab. Zanzibar ina Nadi Ikhwan Safaa, kikundi kilichoanzishwa mwaka 1905, na Culture Musical Club iliyoanza mwaka 1958, na usiku ambao taarab ya namna hii ipo katika ratiba ndio ambao mtu angepaswa kuutafuta kwanza. Kabla ya wimbo kuanza, mpigaji wa kanuni huinama juu ya chombo chake chenye nyuzi zaidi ya 70, akikaza uzi mmoja na kulegeza mwingine, maana unyevu wa bahari hauachi kitu kikae katika sauti yake kwa muda mrefu. Wageni hudhani kuna hitilafu. Wenyeji hukaa kimya wakisubiri, kwa kuwa wanajua kinachofuata. Fidla zikishaingia na mwimbaji akaufikia ubeti unaochoma, mwanamke mmoja hutoka katikati ya watu akiwa na buibui lake, mkono mmoja ameuinua na noti imebanwa baina ya vidole viwili, akatembea taratibu kwa mwendo wa wimbo, akaiweka noti mkononi mwa mwimbaji, akageuka na kurudi kwa mwendo uleule huku akimwangalia mtu fulani mle uwanjani ambaye bila shaka ameupata ujumbe. Baada yake hufuata wa pili na wa tatu.

Mwanamke huyo anayemtunza mwimbaji kwa noti ni sehemu ya onyesho, na hakuna promota anayeweza kumkodi. Akikosekana, taarab inakuwa muziki mzuri tu wa kupigwa mbele ya watalii wenye kamera. Akiwepo, mgeni kutoka Ulaya anaona jinsi mashairi yanavyofanya kazi kati ya watu wanaofahamiana, na mwimbaji mwenyewe anaimba kwa namna nyingine kabisa, kwa kuwa anaimbia wanaomwelewa. Marehemu Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, aliyefariki Aprili 2013, alipanda jukwaa hili mara nyingi katika uzee wake, na waliomwona pale wanakumbuka jinsi watu walivyoitikia pamoja naye neno kwa neno. Uitikiaji wa namna hiyo unawezekana pale tu ambapo kina mama wa mjini wameweza kumudu kiingilio. Ndiyo maana nasema kwamba mgeni aliyelipa zaidi hakumlipia mwenyeji sadaka: amelipia kitu ambacho bila mwenyeji yule asingekipata.

Kwa msafiri wa kutoka bara, lakini, tiketi ndiyo sehemu nyepesi ya gharama. Nauli ya boti ya kwenda na kurudi kati ya Dar es Salaam na Unguja huzidi kiingilio cha Mtanzania cha siku moja, na malazi ya Mji Mkongwe katika wiki ya tamasha huzidi vyote viwili, kwa kuwa Februari ni msimu wa watalii na nyumba za wageni za karibu na Ngome hujaa mapema. Anayetaka kupunguza mzigo atafute chumba nje ya Mji Mkongwe, upande wa Ng'ambo, ambako bei hushuka na ambako kuna daladala mchana na bodaboda au teksi usiku. Akubaliane na dereva kuhusu nauli ya kurudi kabla muziki haujaisha, maana saa saba za usiku mbele ya Forodhani wanunuzi wa safari ni wengi kuliko magari. Wageni wa kigeni waongeze pia bima ya lazima ya Zanzibar, ambayo tangu Oktoba 2024 imekuwa dola 44 kwa mtu mzima mmoja. Mtu akishaweka hesabu zote pamoja ataona kwamba kupanda au kushuka kwa kiingilio kwa shilingi elfu chache hakubadilishi sana bajeti ya safari, wakati kuchelewa kupanga malazi kunaweza kuiongeza maradufu.

Chakula hakina shida. Bustani ya Forodhani ipo mbele ya lango la Ngome, na jioni wachuuzi huwasha taa na majiko yao hapo: urojo, mishikaki, pweza, chapati za kusukumwa mbele yako, na maji ya miwa yaliyokamuliwa na tangawizi na ndimu. Bei hutofautiana kutoka meza moja hadi nyingine, na samaki wa mishikaki huwa ghali kuliko anavyoonekana, kwa hiyo ulizia kwanza. Ukila urojo kabla ya kuingia unaweza kukaa na muziki hadi mwisho bila njaa na bila kutumia fedha nyingi.

Wasio na uwezo wa kulipa hata kiwango cha raia hawajaachwa kabisa. Tamasha limekuwa na desturi ya kufunguliwa kwa maandamano yanayopita mitaani hadi Forodhani, yakiongozwa na beni na vikundi vya ngoma, na hayo hayana kiingilio. Miaka ambayo limewekwa jukwaa katika bustani ya Forodhani, watu wa mjini wamesikiliza baadhi ya vikundi bila kulipa chochote. Ningependa, hata hivyo, kuona hatua moja zaidi ikichukuliwa: kiwango maalumu cha wanafunzi wa Zanzibar na nafasi chache zilizotengwa kwa wazee wa mjini, hasa usiku wa taarab. Kijana anayejifunza udi au fidla katika Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, chuo kilichoanzishwa hapo hapo Mji Mkongwe mwaka 2002, hana darasa bora kuliko kumwona fundi wa Mali au wa Sudan akipiga umbali wa hatua tano kutoka kwake, na mzee aliyeijua taarab tangu zama za redio ana mengi ya kuwapa walio pembeni yake kwa kukaa tu na kuitikia.

Najua kwamba ombi hilo lina gharama, na hapa ndipo ninapotaka wasomaji wenzangu wanisikilize kwa makini. Kiingilio hakijawahi kutosha kulibeba tamasha hili. Mauzo ya tiketi hulipia sehemu tu ya matumizi, na kilichobaki hutegemea wafadhili na wadhamini, ndiyo maana mwaka 2016 tamasha halikufanyika kabisa kwa kukosa fedha, likarejea mwaka 2017. Mwaka 2021, wakati ambapo maonyesho mengi duniani yalikuwa yamesitishwa kwa sababu ya UVIKO-19, lilifanyika kwa siku mbili tu. Mwaka 2022 waandaaji walieleza hadharani kwamba ufadhili mkubwa waliokuwa wakiutegemea unafikia mwisho, na kwamba bila fedha mpya huenda wasiweze kuendelea. Limeendelea, lakini historia hiyo inaonyesha jinsi lilivyo karibu na ukingo kila mwaka.

Kwa sababu hiyo sina subira na tabia iliyozoeleka miongoni mwetu ya kutafuta kuingia bure kwa kujuana. Mtu mwenye mshahara mzuri, aliyelipa boti na hoteli bila kusita, anafika langoni na kuanza kupiga simu akitafuta rafiki wa kumpitisha, na akipitishwa anajiona mjanja. Fedha aliyoikwepa ni ndogo kuliko aliyoitumia kwa vinywaji jioni hiyo, lakini ndiyo iliyokuwa imlipe mpiga ngoma na fundi wa taa. Tabia ya walanguzi nayo ni mbaya vilevile: wanaonunua tiketi za bei ya raia na kuwauzia wageni kwa faida wanaupiga vita utaratibu uleule unaowawezesha ndugu zao kuingia. Mnunuzi mgeni asikubali biashara hiyo, na sisi wenyeji tusiifanye. Tuwe na vitambulisho mkononi langoni, tuvionyeshe bila kunung'unika, na tulipe.

Kuhusu mavazi niseme kwa kifupi, kwa kuwa linahusiana na heshima ya mahali ambapo fedha yetu inatupeleka. Mji Mkongwe ni mji wa Waislamu unaoishi, wenye misikiti kila baada ya vichochoro vichache, na waandaaji huwaomba wageni wavae kwa staha. Kanga moja begani inatosha kwa mwanamke aliyekuja na nguo za ufukweni, na kwa mwanamume shati lisikosekane.

Kati ya tiketi ya siku moja na tiketi ya siku zote, ushauri wangu kwa anayetoka mbali ni kununua ya siku zote, kwa kuwa bei yake kwa kila usiku huwa chini na kwa kuwa nauli imekwisha kulipwa kwa vyovyote vile. Usiku wa kwanza huutumia mtu kuzoea mahali, kujua spika zinasikika vizuri wapi na kujifunza kuhama kati ya majukwaa. Usiku wa pili ndipo anapoanza kufurahia kweli. Mkaazi wa Unguja anaweza kuchagua usiku mmoja mmoja kwa kufuata ratiba. Tarehe ziangaliwe upya kila mwaka, kwani Ramadhani hurudi nyuma kwa takribani siku 11 na mwaka 2027 inatarajiwa kuanza mapema Februari, hivyo mazoea ya kupanga likizo katikati ya mwezi huo hayatafaa kwa muda. Tiketi zinunuliwe kupitia njia rasmi za waandaaji wakati bado kuna nafuu ya mapema, na boti ya kurudi ikatwe ya mchana wa siku inayofuata badala ya ile ya alfajiri, maana bendi ya mwisho aghalabu ndiyo inayomaliza usiku kwa nguvu zaidi, na ni hasara kuikosa kwa ajili ya usingizi.